Tairi laini, nusu meno au meno matupu: lipi ulifunge kwenye baiskeli yako ukiwa Moshi

Mtu anayekwenda kazini kwa baiskeli hapa Moshi ana barabara mbili kwa siku moja. Ya kwanza ni lami: ile inayotoka Himo ikapita Kiboriloni hadi mjini, au ya kupandisha hospitali ya KCMC, pamoja na matuta yake, rasta zake na daladala zinazokubana pembeni. Ya pili inaanza pale lami inapokoma: vichochoro vya Pasua na Njoro, njia za kuelekea Msitu wa Rau, kingo za mifereji ya mpunga kule Mabogini, changarawe za kupanda Uru. Wanunuzi wengi huiwaza hiyo ya pili tu wakiwa dukani. Wanaondoka na tairi lenye meno makubwa kuliko yote, halafu miezi inapita wakilinyonga kwenye lami, linaunguruma, linachosha mapaja, na meno ya katikati yanalika kabla hayajakutana na tope.

Nitasema mapema ninakoegemea. Kwa safari za mchanganyiko kama hizi upana wa tairi una kazi kubwa kuliko meno yake, na uimara wa mwili wa tairi unafuata. Meno ni ya tatu. Lakini kuna jambo la kuliweka sawa kabla hatujafika huko, kwa sababu ukilikosea, hata tairi la bei mbaya namna gani halitaingia.

Soma namba ndogo za ubavuni

“Ishirini na sita” na “ishirini na nane” ni majina ya dukani, na kila jina lina tairi zaidi ya moja nyuma yake. Angalia ubavu wa tairi ulilonalo, utaona namba mbili zimetengwa na kistari, mfano 47-622. Ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha sehemu ya rimu ambapo tairi linakaa, nayo pia ni kwa milimita. Upana unaweza kuubadilisha kidogo. Kipenyo hakina mjadala.

Sasa ona vurugu yake. Phoenix ya kazi, ile nyeusi ya fremu ndefu, hufunga 28 x 1½, na namba yake ya kweli ni 635. Baiskeli ya mtumba ya kisasa kutoka Ulaya nayo huitwa 28, au 700C, lakini ni 622. Ile ya milimani inayoitwa 29? Nayo ni 622. Kwenye 26 hadithi ni hiyo hiyo: baiskeli ya milimani ya 26 ni 559, wakati ile ya mtumba ya Kijapani yenye kikapu mbele, iliyoandikwa 26 x 1 3/8, ni 590. Na siku hizi kuna 27.5, ambayo ni 584. Namba hizo zikitofautiana, hakuna inayoingia mahali pa mwenzake.

Kwa fundi mmoja niliwahi kushuhudia kijana ameleta tairi jipya la 622 lifungwe kwenye Phoenix. Upande mmoja uliingia nusu ukagoma.

“Fundi, si uliniambia nilete ishirini na nane?”

“Ishirini na nane ni ishirini na nane, mdogo wangu. Linakaza kwa sababu jipya.”

Ikaongezwa bisibisi ya pili, ya tatu, mguu ukakanyaga rimu. Kilichopasuka mwisho ni tyubu, iliyobanwa kati ya bisibisi na chuma. Tofauti ya kipenyo hapo ni milimita 13, ambayo ukiizungusha gurudumu zima inafika kama sentimita 4 za mzunguko, na waya ulio ndani ya ukingo wa tairi hautanuki. Kinyume chake ni kibaya zaidi: tairi la 635 kwenye rimu ya 622 linaingia kwa mikono mitupu, kila mtu anafurahi, kisha ukijaza upepo linavimba upande mmoja na kuruka nje ya rimu. Hilo likitokea kwenye mteremko wa kutoka Kibosho, sitaki kuwepo.

Kwa hiyo nenda dukani na tairi la zamani mkononi, au picha ya ubavu wake kwenye simu. Na kabla ya kutamani pana zaidi, zungusha gurudumu uangalie nafasi iliyobaki kati ya tairi, fremu, madigadi na mikono ya breki. Milimita tano au sita kila upande ndiyo ya kuanzia. Kwa njia za tope, nyingi zaidi.

Mwenye Phoenix

Kwa 635 ulinganisho ni mfupi: utakachopata ni 40-635 lenye mistari ya mbavu, na meno makubwa usiyatafute. Usione umepunjwa. Milimita 40 ni upana mzuri, na baiskeli hizi zimebeba mikungu ya ndizi na madumu ya maziwa kwenye njia za changarawe kabla jina la baiskeli ya milimani halijafika hapa. Unachochagua wewe ni ubora wa utengenezaji. Lishike tairi, libonyeze ubavuni kwa kidole gumba: ule mwembamba unaojikunja kama karatasi utachanwa na jiwe la kwanza. Kama kazi yako ni mizigo, lipa zaidi upate la ubavu mzito.

Laini: linaogopwa bure

Tairi laini, au lenye mistari midogo tu, watu huliita kipara na kulikimbia wakidhani litateleza mvua ikinyesha. Hofu hiyo imetoka kwenye magari. Tairi la gari ni pana na bapa, likienda kasi linaweza kuelea juu ya maji, ndiyo maana linahitaji mifereji ya kuyatoa. La baiskeli ni la mviringo, jembamba na limejazwa upepo mwingi zaidi, hivyo linayapasua maji lenyewe. Ili lielee lingehitaji kasi inayopita kilomita 100 kwa saa, na hata ukishuka kutoka Mweka kichwa chini hufiki huko. Kwenye lami yenye maji, tairi laini la mpira mzuri linashika vizuri kuliko la meno, kwa kuwa linagusa barabara kwa mpira mwingi zaidi.

Kinachoteleza kwenye mvua ni vingine: mistari ya rangi ya kuvukia waenda kwa miguu, mifuniko ya chuma, na ile tope nyembamba inayoburutwa kutoka njia za vumbi hadi kwenye lami pale bodaboda wanapoingilia. Hapo laini na meno wote ni ndugu, punguza mwendo tu.

Tairi laini la milimita 42 hadi 50 linapita vizuri pia kwenye vumbi lililoshindiliwa, na kiangazi njia nyingi za kusini mwa mji zinakuwa hivyo. Linaposhindwa ni kwenye majani mabichi, kokoto zinazoviringika kwenye kona, na udongo mwekundu wa mteremkoni siku ya mvua. Laini jembamba, yale ya milimita 28 au 32 yanayokuja na mtumba wa Ulaya, mimi silishauri hapa kabisa. Rasta tatu mfululizo zinatosha kukuonyesha kwa nini.

Meno matupu: yana siku zake, na ni chache

Meno makubwa yaliyoachana yametengenezwa yachimbe. Yanahitaji udongo wa kuzama. Kwenye lami hayana pa kuzama, kwa hiyo uzito wako wote unasimama juu ya vidonge vichache vya mpira ambavyo vinayumba ukikata kona. Utausikia myumbo huo kwenye usukani, hasa kona ya kushuka. Halafu kila jino linapojikunja na kunyooka linakula nguvu yako kidogo, na hizo kidogo ukizijumlisha kutoka Mabogini hadi mjini unafika umelowa jasho bila sababu.

Faida yake ni ya kweli pia. Kupanda Uru kwenye udongo uliolainika, ukisimama juu ya pedeli, tairi laini la nyuma linazunguka bure na la meno linapanda. Kwenye mchanga mwingi na njia za ng’ombe, hivyo hivyo.

Ila masika, ule udongo mwekundu wa mlimani hautii mtu. Unajaza nafasi kati ya meno, unashikamana, na baada ya mita hamsini una tairi laini zito mno. Meno hujisafisha kwa mwendo, tope likirushwa na mzunguko, lakini ukipanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea hakuna kinachorushwa. Tope linahamia kwenye madigadi, gurudumu linagoma. Udongo mweusi wa mashamba ya mpunga una tabia hiyo hiyo. Kuna asubuhi za Aprili ambazo jibu si tairi, ni kuibeba baiskeli begani hadi lami.

Nusu meno

Hili ndilo ningemfungia ndugu yangu kama anaishi Rau na anafanya kazi mjini. Katikati pana mgongo mmoja usiokatika, au vidonge vilivyobanana sana. Pembeni meno yaliyoachana. Likijaa upepo vizuri kwenye lami, unatembelea mgongo na meno ya pembeni yanabaki hewani. Ukiingia kwenye udongo laini tairi linazama kidogo, meno ya pembeni yanagusa, ukilaza kona yanashika.

Angalizo: si kila tairi linalouzwa kwa sifa hiyo linayo. Pitisha ukucha wa kidole gumba katikati ya tairi, ukifuata linakozungukia. Ukucha ukiteleza bila kudumbukia, huo ni mgongo wa kweli. Ukidumbukia kila sentimita, umeshika tairi la meno lililopakwa maneno mazuri. Smart Sam la kampuni ya Schwalbe ni mfano wa aina hii kwa maana halisi, na kampuni kama Kenda na CST za Taiwani nazo hutengeneza michoro ya jamii hiyo. Kwenye mitumba huwa unayakuta yamekuja na baiskeli yenyewe. Likiwa bado na mgongo ulioinuka na ubavu haujapasuka, usikubali fundi akubadilishie “jipya” la bei rahisi.

Si lazima pia mbele na nyuma vifanane. La nyuma linabeba uzito mwingi zaidi, linasukuma, na linaisha mapema sana kuliko la mbele. La mbele linaamua kama utasimama au utaanguka: nyuma ikiteleza mara nyingi unajirudishia, mbele ikiteleza umeshafika chini. Kwa anayepita njia mbaya kila siku napenda nusu meno mbele na laini pana nyuma. Na ukinunua tairi moja tu zuri, lifunge mbele, lile lililokuwa mbele lirudi nyuma likamalizie maisha yake huko. Mafundi wengi hufanya kinyume kwa kuwa la nyuma ndilo lililokwisha.

Mbigili, miba ya migunga na vyuma

Ukishuka uwandani, kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC au upande wa Kahe, adui si tope tena. Ni mbigili. Okota moja uitazame: tunda kavu dogo la rangi ya majivu, linapasuka vipande, na kila kipande kina miba miwili migumu iliyokaa kama pembe za mbuzi. Kianguke vyovyote, mmoja unatazama juu. Inaota kwenye viwanja vitupu na kando ya njia, na kiangazi ikikauka ndipo inafanya kazi yake. Ukikwepa shimo kwa kupita pembeni ya barabara, umeipitia.

Hapo ndipo kuna pengo kubwa kuliko la laini na meno: tairi tupu dhidi ya tairi lenye kinga ndani. Tairi tupu lina nyuzi na mpira, basi. Mwiba wa mbigili unapenya bila jasho. Lenye kinga lina utepe chini ya mpira wa juu. Kwenye Schwalbe Marathon utepe huo ni wa mpira wa milimita 3. Kwenye Marathon Plus ni milimita 5, na mwiba wa mbigili haufiki kwenye tyubu kirahisi. Mwiba mrefu wa mgunga ni kesi nyingine, huo ukiingia wima hauulizi kinga.

Gharama yake ni mbili. Bei, ambayo ni mara kadhaa ya tairi la kawaida na mara nyingi unaagiza. Na uzito: Marathon Plus pana ni takriban kilo moja kwa tairi moja. Tambarare huusikii. Kupandisha KCMC utausikia, ingawa mimi ningeuchagua uzito kila siku kuliko kuchelewa kazini nikiwa nimeshika solusheni na kiraka.

Mafundi wetu wana kinga ya kwao. Wanachukua tairi kuukuu lililoisha meno, wanakata kingo zenye waya, na kuulaza utepe uliobaki ndani ya tairi jipya, juu ya tyubu. Inafanya kazi kweli, kwa bei ndogo. Tatizo liko mahali ncha mbili za utepe zinapokutana: zikiachwa zimekatwa wima, ule ukingo unasugua tyubu hadi unaitoboa, na utatafuta mwiba ambao haupo. Mwambie azichonge ncha ziwe nyembamba, zipandane, na apake poda kidogo. Kwa Phoenix ya mizigo ni suluhisho zuri sana. Kwa baiskeli nyepesi unaizamisha wepesi wake, afadhali ujikusanye ununue tairi la kinga. Mfumo wa kutembea bila tyubu, wenye maji ya kuziba ndani, siuingizi kwenye mashindano haya: unataka rimu yake, maji yanakauka yanahitaji kuongezwa, na likikuharibikia huko Chekereni hutapata wa kukusaidia.

Upepo

Tairi zuri lenye upepo mbaya ni tairi baya. Ukiona pancha ya matundu mawili yaliyokaa sambamba, hiyo si miba; umegonga jiwe au tuta upepo ukiwa mdogo, rimu ikaibana tyubu. Kinga ya milimita 5 haizuii hilo.

Kwa mtu wa kilo 70 hivi, anzia hapa: tairi la milimita 40, nyuma PSI 55 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo), mbele 45, la milimita 47, nyuma 45 na mbele 40, la inchi 2.1 la milimani, nyuma 35 na mbele 30. Mzigo ukiongezeka ongeza nyuma, bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni. Siku ya udongo laini punguza PSI tano. Kidole gumba cha fundi kinatambua tairi lililokwisha upepo, hakitofautishi 35 na 55. Na ukijazia kwa mashine ya gari au pikipiki, jaza kwa kugusagusa, maana tairi la baiskeli lina nafasi ndogo na linajaa kwa kufumba na kufumbua.

Nani achukue lipi

Kama kutoka nyumbani hadi kazini ni lami tupu, na vumbi ni la wikiendi, chukua laini pana, milimita 42 au zaidi kama fremu inaruhusu, lenye kinga. Usishawishiwe na meno. Unayeishi nje ya lami, Rau, Mabogini, Msaranga, ukaingia mjini kila siku: nusu meno mbele, na nyuma nusu meno au laini kulingana na kilima chako. Meno matupu namwachia anayekaa juu kabisa ambako lami ni ya kukutana nayo sokoni tu, au mwenye magurudumu mawili ya akiba anayefurahia kubadili. Ukiwa na fedha ya jambo moja tu, kati ya mchoro mzuri wa juu na kinga ya ndani, chukua kinga.

Dukani, usichukue lililoning’inia mlangoni juani. Jua linakausha mpira. Likunje ubavu polepole na ukiona nyufa nyembamba kama nywele liache, hata kama halijawahi kugusa ardhi. Kagua ukingo wenye waya, maana matairi yakikunjwa na kufungwa kamba waya hupinda, na likifungwa gurudumu litaruka kila mzunguko. Ukiona mshale ubavuni, ndiko linakozungukia kwenda mbele.

Siku ya kulifunga, jaza upepo nusu kwanza, zungusha gurudumu, angalia ule mstari mwembamba ulio karibu na rimu. Ukiwa sawa pande zote, malizia kujaza. Ukizama sehemu fulani, toa upepo, vuta kwa mkono, rudia. Na nunua tyubu ya akiba yenye valvu ya rimu yako: tundu la valvu nene ya aina ya gari ni milimita 8.5, la ile nyembamba ya baiskeli za mbio ni 6.5. Nyembamba kwenye tundu nene inachezacheza hadi inachanika shingoni, na nene kwenye tundu jembamba haiingii mpaka fundi achukue keekee.